Shamba Nyuma ya Mzee Manirambona

Haya nimeyapata kwa Kezia mwenyewe, mwaka jana mwezi wa sita, wiki ile tulipokuwa tukipiga maharage uani kwao Kumsenga. Alikuwa akipiga fimbo mbili tatu, anasimama, anasimulia kidogo, anapiga tena. Mimi nimeyapanga tu yakae mstari.

Kezia ni binti wa mzee Manirambona. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa na cherehani yake mwenyewe sokoni Kibondo. Mwanaume anayesimuliwa hapa anaitwa Nickson, bwana shamba wa Busunzu, mtu wa Njombe, mwembamba, mwenye miwani. Walipendana tangu mvua za mwaka juzi. Jambo hilo mzee alilijua, ila hakuna aliyekuwa amemwambia, na kwa mzee kutoambiwa ni sawa na kutojua.

Mama Dorcas, mama yake Kezia, ndiye aliyelisema hatimaye. Mzee akajibu bila kuinua kichwa:

"Mtu wa serikali ni wa kuhamishwa. Simpi binti yangu mtu wa kuhamishwa."

Mama Dorcas hakubishana. Aliacha, akasema tena kesho yake, akaacha, akasema tena. Wiki ya tatu mzee akachoka.

"Basi aje Jumapili. Nimtazame nikiwa nimekaa. Nitamjibu siku hiyo hiyo, na sitajibu mara mbili."

Jumapili hiyo Kezia alitoka kanisani akapita njia ya chini, ya kwenye daraja la miti. Nickson alikuwa pale, amekaa juu ya pikipiki yake, kamera shingoni.

"Umechelewa," Kezia alisema.

"Mimi? Niko hapa tangu saa nne. Mchungaji wenu ndiye amechelewa."

"Hiyo ndiyo kamera yenyewe?"

Alikuwa ameiona kwa mbali mara moja tu, mwezi uliopita, Nickson alipokuja kufundisha watu wa Kumsenga habari za mnyauko wa migomba. Siku ile alipiga picha majani yanayougua, na mwishoni akampiga mzee Manirambona picha moja. Kamera aliinunua Kasulu kwa mpiga picha wa harusi aliyepata nyingine kubwa zaidi. Ilikuwa ya wanaoanza, Nickson mwenyewe alisema hivyo bila aibu, na yeye alikuwa anaanza.

"Ishike," Nickson alisema. "Haiumi."

"Siogopi kuumwa. Naogopa ikianguka."

"Ikianguka tutakula mihogo mikavu mwaka mzima."

"Tutakula? Nani amekubali kula na wewe?"

Nickson akacheka, akavua mkanda shingoni kwake akamvisha. Vidole vyake viligusa ukosi wa gauni, na havikuwa na haraka ya kutoka. Kezia aliliona hilo akatazama mtoni.

Kamera ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Simu unaishika kwa vidole viwili, lakini hii ilitaka mkono mzima, na pale pa kushikia palikuwa na mpira wenye vipele kama soli ya kiatu kipya. Kezia aliipenda kwa hilo. Alizoea vitu vya kazi, na hiki kilikuwa kitu cha kazi. Akaiinua, akaweka jicho kwenye kidirisha.

"Mbona giza?"

"Giza?"

"Giza totoro. Umeniletea kamera iliyokufa?"

Nickson alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka pikipiki ikatikisika. "Toa kifuniko mbele."

"Ungeniambia!"

"Na mimi sikuambiwa. Wiki ya kwanza nilipiga picha sita za giza. Nikampigia simu aliyeniuzia, nikamwambia wewe ni mwizi."

Kezia akatoa kifuniko, akachungulia tena. Sasa palikuwa na mwanga, lakini kila kitu kilikuwa kama kinaonekana ndani ya uji.

"Ukungu mtupu."

"Hapo kosa ni langu. Sogea." Akamwonyesha kigurudumu kidogo kando ya kidirisha, kidogo kama kichwa cha pini. "Mimi nikipiga picha navua miwani, kwa hiyo nimekizungusha kifuate macho yangu mabovu. Wewe kizungushe kifuate yako."

Akavua miwani kumwonyesha. Kezia alikuwa hajawahi kuyaona macho yale yakiwa peke yake. Yalikuwa makubwa kuliko alivyofikiri, na yalikuwa hayamwoni vizuri, na yalikuwa yanamtazama vile vile.

"Unaniona?" aliuliza.

"Naona kitu cha njano. Gauni lako ni la njano?"

"La kijani."

"Basi sikuoni."

Kezia akazungusha kile kigurudumu taratibu, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, na ghafla Nickson akatokeza: kola ya shati, ndevu alizosahau kidevuni, kila kitu.

"Sasa mimi ndiyo sitaona," Nickson alisema. "Jicho lako na langu hayaendi pamoja."

"Tutazungusha kwa zamu. Nibonyeze wapi?"

"Pale juu. Bonyeza nusu kwanza, isubiri ilie, halafu malizia."

Nusu haikumpa tabu. Mguu wa fundi cherehani unajua kukanyaga nusu, sembuse kidole. Kamera ikalia tii-tii, akamalizia, na ndani yake kitu kikakata kra-chak, kama mkasi mzito kwenye kitenge. Aliusikia mlio huo mpaka kwenye mfupa wa shavu. Wakainamisha vichwa pamoja juu ya kioo cha nyuma. Picha ilionyesha jani la mgomba lililoning'inia njiani, limetoka zuri ajabu, hata vumbi lake unalihesabu.

"Jani zuri," Nickson alisema. "Mimi niko wapi?"

"Uko nyuma ya jani. Hicho kitu cha bluu."

"Inapenda kilicho karibu. Na mimi ilinisumbua hivyo hivyo."

Kezia alikuwa ameshahamia kwenye gurudumu kubwa la juu, lenye vipicha: kichwa cha mwanamke, mlima, ua, mtu anayekimbia.

"Ua ndilo natumia kwenye majani," Nickson alimwambia. "Mkimbiaji ni wa mpira. Kichwa ni cha watu. Baba yako nilimpiga na kichwa, utaona ilivyotoka."

"Na mlima?"

"Huo wa watalii. Mimi na milima wapi na wapi."

Akafungua begi kumwonyesha kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti. Aliisafisha ile picha Kasulu, kubwa, akaiwekea fremu ya mbao na kioo. Ilikuwa zawadi ya mzee. Pembeni yake Kezia aliona bahasha ya kaki yenye muhuri.

"Na hiyo?"

"Ya kazini," Nickson alisema, akafunga begi.

Nyumbani mzee Manirambona alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mkono, koti la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Nickson akaamkia, akapewa stuli. Mama Dorcas akaleta chai na viazi vitamu, akakaa mkekani pamoja na Kezia. Walizungumza mvua. Walizungumza bei ya maharage. Kisha Nickson akatoa kile kitu bapa, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliondoa gazeti bila kulichana, akalikunja, akaliweka kando. Akatazama.

Kezia alichungulia begani kwake, moyo wake ukafurahi. Ilikuwa picha nzuri. Uso wa baba yake ulikuwa umejaa fremu, kila unywele mweupe wa ndevu uko mahali pake, hata ule unyevu wa jicho la kushoto. Nyuma ya uso palikuwa na kijani laini kilichoyeyuka, kama mchuzi wa mlenda.

Mzee alitazama muda mrefu mno.

"Shamba langu liko wapi?"

"Ni hilo la nyuma, mzee," Nickson alisema. "Hicho kijani. Kamera inalififisha makusudi ili uso utokeze. Picha za kisasa ndivyo zilivyo."

"Makusudi."

"Ndiyo, mzee."

"Bwana shamba mzima. Serikali inakuleta uyatunze mashamba, wewe unalifuta langu."

Mama Dorcas alicheka, kisha akaona mumewe hatanii, akanywa chai.

"Na miguu yangu?"

"Miguu... haikuingia, mzee."

"Umenikata hapa." Mzee akajipitisha kidole kifuani. "Sikiliza, kijana. Nimepigwa picha nne maishani mwangu. Ya kwanza nilikuwa mtoto, nimeshika sketi ya mama, tumetoka kuvuka mpaka. Zote nne ni uso, na nyuma wamening'iniza shuka jeupe. Zote zilibandikwa kwenye karatasi za ofisi za watu, hata moja sijabaki nayo. Hii nilidhani ni yangu. Siku ile nilisimama pale makusudi, migomba nyuma, kahawa mkono wa kulia, nikanyoosha na suruali. Wewe umeniwekea shuka la kijani."

Nje kuku alikuwa anapekua makapi.

"Haya," mzee aliendelea, akaweka fremu mezani uso chini. "Twende kwenye kilichokuleta. Utakaa Busunzu mpaka lini?"

Kezia alimtazama Nickson, akamwona amevua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa tena. Kisha akafungua begi, akaitoa ile bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza mbele ya mzee.

"Barua imetoka Ijumaa. Tarehe moja naripoti Kasulu."

Mzee hakuigusa. Aliinuka, akachukua panga lake nyuma ya mlango.

"Baba Kezia," mama Dorcas alisema, "jibu uliloahidi?"

"Nakwenda kwanza kuona kama shamba bado lipo."

Akatoka.

Kezia na Nickson walitoka na stuli wakakaa barazani. Mama Dorcas alikuwa ameingia jikoni kugonganisha masufuria ambayo hayakuhitaji kugonganishwa.

"Tangu Ijumaa," Kezia alisema.

"Nilitaka kumwambia yeye kwanza, uso kwa uso. Ningekuambia wewe, angesema tumepanga."

"Nilikuuliza pale darajani. Ukasema ya kazini."

"Si ni ya kazini?"

"Nickson!"

Nickson akashusha macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimekosea. Niliogopa ungelia darajani, halafu na mimi ningeshindwa kuja."

"Mimi silii hovyo."

"Unalia sasa."

"Ni moshi wa mama." Akajifuta kwa kiganja. Baba yake alisema hatajibu mara mbili, na akishasema hapana leo, hiyo hapana itakaa ndani ya nyumba ile mpaka nywele zake Kezia ziwe nyeupe. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akaingia ndani, akatoka na kamera mkononi.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Wewe kaa hapa. Usinifuate."

"Nikae mpaka lini?"

"Kaa tu!"

Mzee alikuwa katikati ya migomba, anakata majani makavu ambayo yangeweza kabisa kungoja Jumatatu. Kezia akasimama njiani.

"Baba, simama pale uliposimama siku ile."

"Nimeshapigwa picha."

"Ulipigwa na yeye. Sasa nakupiga mimi."

"Unajua?"

"Eka, sijui," Kezia alisema. "Najifunza."

Labda ni kwa sababu hakudanganya. Mzee akaenda pale, akanyoosha suruali, akashusha mikono, panga likiwa sambamba na mguu. Hakutabasamu. Kwao mtu akipigwa picha hatabasamu, kwani kuna nini cha kuchekesha?

Kezia aligeuza lile gurudumu. Akaliacha ua, akakiacha kichwa, akasimama kwenye mlima. Hakuwa na hakika. Aliwaza tu kwamba anayepiga mlima hataki kitu kimoja, anataka vyote. Akachungulia, baba akajaa kidirisha, miguu hakuna. Akazungusha ile shingo ndefu ya kamera, baba akaonekana kurudi nyuma kidogo. Haikutosha. Akarudi nyuma yeye, hatua, hatua, mpaka mgongo ukagota kwenye mparachichi.

"Unakwenda Burundi?" mzee alipaza sauti.

"Miguu, baba! Natafuta miguu!"

Ikapatikana. Miguu, buti za mvua, na mbele ya buti udongo. Akabonyeza nusu. Tii-tii. Akamalizia, kra-chak.

Mzee alikuja mwenyewe bila kuitwa. Akaukinga mwanga kwa kofia yake, wakatazama kile kioo kidogo pamoja. Mzee alikuwa mdogo sana kwenye picha, na hakulalamika. Migomba ilikuwepo, mmoja mmoja, mpaka ile ya bondeni. Kahawa ilikuwepo mkono wa kulia. Bati la nyumba liling'aa nyuma. Kezia aliona kitufe chenye alama ya kioo cha kukuzia, akakibonyeza, picha ikasogea karibu, na mzee akaanza kuhesabu mikungu kwa midomo.

"Na ule wa pale tuliodhani umekufa," alisema. "Uuu. Una mtoto." Kisha akaweka kidole. "Huyu nani?"

Kezia akakuza tena. Mbali nyuma, chini ya bati, kulikuwa na mtu amekaa kwenye stuli barazani, mikono juu ya magoti, amekaa kama mwanafunzi aliyeambiwa angoje.

"Ni Nickson."

"Hajaondoka?"

"Hajaondoka."

"Nilidhani pikipiki ingekuwa imeshafika Busunzu." Mzee alitazama picha, akatazama nyumba yenyewe, kama anahakikisha kamera haisemi uongo. "Nani amemwambia akae?"

"Mimi."

"Na amekaa."

Mzee akachomeka panga ardhini, akaegemea mpini.

"Mimi nimehamishwa mara tatu, mwanangu. Kila mara nikiwa na maharage yanayotoa maua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Najua, baba."

"Huyu atakuhamisha. Leo Kasulu, kesho sijui wapi huko."

"Ndiyo. Lakini mimi nimeulizwa. Yeye aliniuliza, na wewe unaniuliza sasa hivi. Nimejibu nitakwenda. Nitakwenda kwa miguu yangu, na cherehani yangu. Na Kasulu ni gari moja tu, asubuhi natoka, mchana nakula kwako."

"Unakula sana," mzee alisema.

"Nimemrithi nani?"

Mzee aligeuka kutazama migomba, na Kezia akaona bega lake moja likishuka, lile analolikaza akiwa na hasira.

"Hii yenye miguu ndiyo uisafishe," alisema. "Nayo itapata fremu kama ile?"

Walirudi nyumbani mzee mbele, Kezia nyuma. Nickson aliinuka haraka, stuli ikaanguka. Mzee alimpita, akaingia ndani, akatoka na ile fremu. Akaipangusa kioo kwa mkono wa koti, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama alivyopewa.

Nickson aliipokea. Uso ukamwanguka. "Mzee, naomba radhi. Sikujua kwamba..."

"Hiyo ya kichwa mpelekee mama yako, Njombe," mzee alisema. "Ajue wazee wake wanakuja kuzungumza na nani."

Nickson alibaki ameduwaa na fremu kifuani. Alitazama picha, akamtazama mzee, akamtazama Kezia, ambaye wakati huo hakuwa na moshi wowote wa kusingizia.

"Ego! Ndiyo hivyo!" mama Dorcas alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni. "We mwanangu, umekuwa gogo? Sema asante!"

"Asante, mzee. Asante sana, mzee."

"Na waje na jembe jipya," mzee alisema, akikaa. Kwao uchumba huanza na jembe, hilo Nickson alishafundishwa. "Shamba umelifuta, itabidi tulilime upya."

Hapo ndipo alipocheka, mara moja, kwa pua.

Nickson aliondoka jua likiwa bado lipo. Kezia alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Kamera ibaki kwako," Nickson alisema. "Ukija Kasulu kusafisha picha ya mzee utanirudishia. Usipokuja nitajua umenikimbia na mali."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Mpaka Jumatano."

"Jumatano saa ngapi?"

Kezia akamvua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akamrudishia usoni mwenyewe, sikio moja, kisha la pili. "Ukificha barua nyingine, nitaificha miwani hii."

"Sitaficha."

"Nenda. Giza lisikukute njiani."

Walikula ugali na maharage mapema. Mzee alilala wa kwanza, bado anataja migomba kwa mafungu. Mama Dorcas aliomba sala ndefu kuliko kawaida, naye akalala. Ujumbe wa Nickson ukaingia: amefika, fremu haijavunjika, analala. Kezia alijifunika blanketi, akawasha kamera kuitazama picha ya baba yake, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye ile ya kwanza, ya jani. Aliitazama hiyo kwa muda. Kile kitu cha bluu nyuma ya jani kilikuwa na miwani mkononi, ukijua pa kutazama unaiona. Akazima, akarudisha kifuniko mbele, akaviringisha mkanda, akaiweka kamera ndani ya kikapu cha vitambaa ili isianguke. Akalala.